Mtoto Anapoonewa Shuleni, Tafuta Mahali na Saa

Nashona sare za shule hapa Ujiji, Kigoma, na mara nyingi nguo ya mtoto anayeonewa inanifikia kabla mzazi wake hajaambiwa neno. Shati lililonaswa na msumari wa dawati huchanika mstari mmoja, mkononi au ubavuni. Shati la mtoto aliyekwidwa hung'oka vifungo vya juu viwili vitatu kwa pamoja, na matundu yake yanatanuka. Mfuko wa kaptula ulioingizwa mkono wa mtu mwingine hufumuka kwenye pembe ya chini. Begi lililovutwa kwa nyuma hukatika mkanda pale juu ulipounganishwa. Watoto wote huchana nguo, wanacheza, wanapanda miembe. Lakini nguo ikirudi kwangu tena na tena imechanika palepale, na mzazi ananiambia "huyu mtoto hajui kutunza vitu", namwomba akae kwenye benchi tuzungumze kidogo.

Mwanangu wa pili alionewa alipokuwa darasa la tatu na la nne. Ninayoyaeleza hapa nimeyafanya nyumbani kwangu, na nimewaona wateja wangu wakiyafanya kwao. Ukiwa huna muda wa kusoma yote, shika hili: uonevu wa shuleni una mahali pake na saa yake. Mtoto haonewi kila mahali, kutwa nzima. Anaonewa nyuma ya choo wakati wa mapumziko, au kwenye kona fulani ya njia baada ya kutoka, au darasani pale mwalimu mmoja ametoka na mwingine hajaingia. Kazi yako mzazi ni kupajua mahali hapo, kuijua saa hiyo, kisha kuhakikisha pana watu.

Je, ni ugomvi au uonevu?

Watoto wawili wanaolingana wakigombania mpira, wakapigana, kesho wakacheza tena pamoja, huo ni ugomvi, na wengi wanaumaliza wenyewe. Afisa ustawi wa jamii mmoja aliyekuwa akishonesha kwangu alinifundisha kutazama mambo matatu, ambayo alisema yanatokana na kazi ya Dan Olweus, mtafiti aliyeanza kuchunguza uonevu wa shuleni huko Sweden na Norway miaka ya 1970. Je, linafanywa kwa makusudi? Je, linajirudia? Je, anayetendewa ana uwezo mdogo kuliko anayemtendea?

Hilo la tatu ndilo wazazi wengi hulipita haraka, kwa sababu tukisikia uwezo tunawaza misuli. Kiranja ana uwezo. Mtoto mwenye kaka darasa la saba ana uwezo, na mwenye kundi la marafiki watano pia. Mtoto aliyehamia mjini juzi kutoka Buhigwe, Kiswahili chake bado kimejaa Kiha, hana. Mtoto ambaye wazazi wake walitoka Burundi au Kongo, na kila akisimama kujibu swali wenzake wananong'ona "mkimbizi", hana, hata akiwa mrefu kuliko darasa zima.

Huku kwetu tumekua na utani, na wako wazazi wanaomwambia mtoto "wanakutania tu, zoea". Mtani hujibiwa, na ukimjibu anacheka. Mtoto anayeitwa kikojozi na wenzake wote wakati wa kufanya usafi wa asubuhi hana la kuwajibu. Hapo hapana utani.

Kwa wasichana mara nyingi hakuna nguo inayochanika. Wananuniana. Mmoja anawaambia wenzake "msicheze naye", na kuanzia siku hiyo kwenye rede hachaguliwi, kwenye kamba hapewi zamu, uji anaunywa peke yake. Mama anaona binti mpole anarudi salama, kumbe mtoto hajasemeshwa na mtu tangu asubuhi. Lipe uzito uleule.

Dalili ambazo nguo haioneshi

Mtoto anayefika nyumbani akakimbilia choo kabla hata ya kuweka begi, siku zote, huenda choo cha shule kinamtisha. Hii ni dalili ninayoiamini kuliko nyingine. Kuna na tumbo linalouma Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi, lakini Ijumaa jioni limepona. Kuna kalamu na daftari zinazopotea kila mara. Kuna mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akaanza tena, na mtoto anayeomba hela zaidi huku anarudi na njaa. Kuna anayebadilisha njia ya kurudi akazunguka mbali bila sababu. Dalili moja peke yake inaweza kuwa na maelezo mengine, tumbo linaweza kuwa minyoo, kwa hiyo mpeleke zahanati pia. Zikiwa mbili tatu pamoja, anza kuuliza.

Namna ya kuuliza

Usimkalishe mbele yako ukamwambia "niambie nani anakupiga". Mtoto akiona uso wa hasira anafikiri hasira ni yake. Mpe kazi ya mikono mfanye pamoja. Sisi tulikuwa tunachambua dagaa, kila mmoja ameinamia ungo wake, na maneno yakatoka yenyewe. Maswali yawe ya mahali na ya watu. "Leo wakati wa mapumziko ulikuwa umekaa wapi?" "Uji umekunywa na nani?" "Umerudi na njia ipi, ya barabarani au ya chini kwenye miembe?" "Kuna sehemu ya shule ambayo wewe hupendi kupita?" Swali hilo la mwisho liliniletea jibu ambalo maswali mengine yalishindwa kuleta.

Akianza kusema, nyamaza. Ukimkatiza kwa "na wewe ulifanya nini?" anafunga mdomo, na kesho hatakuambia. Usimwambie mtoto wa kiume kwamba mwanaume halii. Usiahidi "sitamwambia mtu yeyote", kwa sababu utalazimika kuivunja ahadi hiyo. Mwambie hivi: "Sitafanya lolote bila kukuambia kwanza." Kisha ishike ahadi hiyo. Mtoto anayeonewa amenyang'anywa kauli yake shuleni, na nyumbani ndiko anapotakiwa kuipata tena.

Mwambie waziwazi pia kwamba hana kosa na kwamba hayuko peke yake. UNESCO ilipokusanya takwimu za nchi nyingi mwaka 2019 ilikuta karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa na wenzake ndani ya mwezi uliotangulia. Nilipomweleza mwanangu kwa lugha yake, kwamba katika kila dawati la watoto watatu huenda mmoja ana shida kama yake, alinyanyua macho akaniuliza, "Hata Ulaya?" Nikamwambia hata Ulaya.

Baba asiachwe nje. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, usiku yuko ziwani, mchana analala, na watoto wanamwona kwa shida. Lakini mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa haukusanyi dagaa vizuri, na wavuvi wanapumzika. Siku hizo za mbalamwezi tulizifanya kuwa za baba kutembea na mtoto, wawili tu, hadi Kibirizi na kurudi. Kila nyumba ina nafasi yake ya namna hiyo. Itafuteni.

Andika

Nunua daftari dogo. Kila mtoto akieleza jambo, akishalala, andika siku, saa, mahali, nani walikuwepo, nini kilifanyika, nani aliona. Usiandike matusi yako wala hukumu zako. Iwe hivi:

Jumatatu, saa 4, mapumziko. Nyuma ya choo cha wavulana. Wawili wa darasa la sita. Wamechukua shilingi 200 na kumsukuma. Ameona mwenzake wa dawatini.

Alhamisi, saa 9 alasiri. Njia ya kwenda madrasa, penye miembe. Mmoja wa walewale na mwingine mkubwa. Wamemkwida, wamemvua kofia.

Baada ya wiki mbili tatu za kuandika utaona ninachokisema. Kwa mwanangu vurugu zote zile ambazo kwake zilikuwa dunia nzima zilikuwa na mahali pawili tu, nyuma ya choo saa nne, na penye miembe alasiri akienda madrasa. Mzazi akishajua hivyo haogopi tena shule nzima, wala mtoto haogopi shule nzima. Mnaogopa vipande viwili vidogo vya ardhi, na hivyo vinaweza kushughulikiwa.

Jaza watu mahali pale

Anza na njia, kwa sababu njia ni ya mtaa na huhitaji ruhusa ya mtu. Tafuta watoto wa mtaani kwenu wanaosoma shule moja na wako, waende na kurudi pamoja. Zungumza na mama zao. Usiwaambie habari yote, inatosha kusema "naomba watoto wetu wawe wanasubiriana getini, wadogo wasitembee peke yao". Hakuna mama atakayekataa. Kundi la watoto wanne wenye umri mchanganyiko, mmoja akiwa wa darasa la tano au la sita, halisogelewi ovyo.

Kisha tafuta mtu mzima ambaye saa hiyo yupo pale kila siku. Shule nyingi zina mama anayeuza mihogo ya kukaanga, karanga au barafu karibu na geti. Huyo anawajua watoto kuliko unavyodhani, anajua nani anamnunulia nani kwa kulazimishwa. Nilimwendea mmoja, nikamsalimia, nikanunua mihogo, nikamweleza taratibu. Alinijibu, "Mama, mimi huyo mtoto nilishamwona anavyopita kichwa chini." Tangu siku hiyo akawa anamwita kwa jina kila akipita. Kuitwa kwa jina na mtu mzima mbele ya watu ni ulinzi mkubwa kwa mtoto. Vijana wa bodaboda wanaopaki karibu na njia wanaweza kufanya vivyo hivyo, ila chagua unayemfahamu, na waambie waangalie tu na kuita, wasimpige mtoto wa mtu.

Watoto wenzake ndio nguvu kubwa zaidi. Watafiti wa Kanada waliochapisha kazi yao mwaka 2001 walipiga picha za video viwanjani shuleni, wakaona kwamba mtoto mwenzao alipoingilia, zaidi ya nusu ya visa vya uonevu vilikoma ndani ya sekunde 10. Lakini wengi husimama tu kutazama, kwa kuogopa kwamba zamu yao itafuata. Kwa hiyo nilimfundisha rafiki wa mwanangu jambo dogo lisilohitaji ushujaa. Asipigane, asimkemee mkubwa. Amshike mwenzake mkono aseme, "Twende, tunachelewa," na waondoke kuelekea penye watu. Mfundishe na mtoto wako afanye hivyo kwa wengine pia.

Kama mtoto hana rafiki, msaidie kumpata. Alika mtoto mmoja nyumbani Jumamosi, mmoja tu, si kundi. Wape kazi ya pamoja na chakula kizuri, ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, ya mawese kwetu hauna mtoto anayeukataa. Rafiki mmoja wa kweli anatosha kubadilisha saa nne ya mapumziko.

Na msisahau madrasa au mafundisho ya kanisani. Watoto ni walewale. Mimi nilizungumza na ustadhi, akabadilisha muda wa kuwaruhusu, wadogo wakawa wanatoka kabla ya wakubwa. Ilimgharimu dakika chache tu.

Mazoezi ya nyumbani

Sikumfundisha mwanangu kupiga, na sikushauri ufanye hivyo, ingawa najua ni ushauri utakaoupata kwa mjomba, kwa jirani na kwa kinyozi. Anayeonewa ni mdogo au yuko peke yake, ndiyo maana alichaguliwa. Akirudisha ngumi ataumizwa zaidi, au ataona ngumi haitoshi atabeba wembe au bikari kwenye begi. Nimewahi kukuta wembe kwenye mfuko wa kaptula niliyoletewa kushona. Kagua begi la mwanao kwa upole, na ukikuta kitu cha namna hiyo jua kwamba hofu yake imefika mbali.

Tulichofanya ni kufanya mazoezi uani jioni. Kaka yake alijifanya mchokozi. Mdogo anasimama wima, miguu imara, anamtazama kwenye paji la uso kama macho yanamtisha, anasema kwa sauti ya kusikika, "Acha. Sitaki." Maneno mawili, bila tusi, bila kulia kama anaweza. Kisha anageuka kwenda walipo watu. Siku za mwanzo sauti haitoki. Rudieni tena na tena hadi itoke bila kufikiri. Na mkubaliane kabisa kwamba akidaiwa hela na wakubwa watatu nyuma ya choo, azitoe na aje aseme. Shilingi mia mbili si kitu cha kuumia kwa ajili yake.

Mweleze pia tofauti ya kuchongea na kuomba msaada, kwa sababu wenzake watamwita mnoko. Anayechongea anataka mwenzake aadhibiwe. Anayeomba msaada anataka mtu asiumie.

Kwenda kwa mwalimu

Nenda kwa mwalimu wa darasa kwanza. Usiende asubuhi watoto wakiwa mstarini, na usiingie darasani kumnyooshea mtoto wa mtu kidole. Nenda baada ya vipindi, umevaa kwa heshima, na daftari lako mkononi. Mwalimu wetu wa shule ya msingi ana watoto wengi mno darasani, hawezi kuona kila kitu, na ukianza kwa lawama atajitetea badala ya kukusaidia. Mimi nilisema hivi: "Mwalimu, nashukuru kwa kazi yako. Mwanangu ana shida, na nimeandika siku na saa. Naomba tusome pamoja."

Kisha omba mambo unayoweza kuyahesabu. Mwalimu wa zamu asimame karibu na choo saa nne. Mtoto abadilishiwe dawati. Asitumwe peke yake kuchota maji. Umwone tena mwalimu baada ya wiki moja, siku mliyokubaliana. Ombi la "mwangalie mwanangu" linasahaulika kabla hujafika getini.

Omba pia jina la mwanao lisitajwe mbele ya wengine, na omba waonevu wasichapwe mstarini kwa ajili yake. Hili la pili linawashangaza wazazi. Kanuni za mwaka 2002 zinataka adhabu ya viboko iidhinishwe na mwalimu mkuu na isizidi viboko vinne, lakini hata ikifuata kanuni haikusaidii. Mtoto aliyechapwa mbele ya shule kwa sababu ya mwanao atamsubiri penye miembe akiwa na fimbo hiyo moyoni. Omba wazungumziwe faragha, kila mmoja peke yake, wazazi wao waitwe, warudishe walichochukua, na wapewe kazi ya kuonekana chini ya jicho la mwalimu saa ileile ya mapumziko. Ukiiondoa saa yao umeuondoa uonevu kuliko fimbo ingeweza.

Uliza kama shule ina mwalimu wa malezi, na kama ina Dawati la Ulinzi na Usalama wa Mtoto. Mwonevu akiwa kiranja, mwone mwalimu wa nidhamu au mwalimu mkuu. Ukiona mwenye kumdhihaki mtoto ni mwalimu mwenyewe, usilimeze, nenda kwa mwalimu mkuu, na ikishindikana kwa Afisa Elimu Kata, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Ofisi ya kata iko karibu, na barua yenye tarehe inasomwa.

Mzazi mwenzako

Usimfuate sokoni Mwanga wala msibani. Ujiji sote tunajuana, mama wa mtoto yule huenda ni shemeji wa jirani yako, na maneno ya hadharani hayarudi. Mkutane mbele ya mwalimu, au nyumbani kwa balozi wa nyumba kumi. Mwite mama mwenzangu au baba fulani kwa jina la mwanawe. Anza na ulichoandika, si na unavyomfikiria mtoto wake. Usimtishe kwa polisi. Sheria ya Tanzania haimhesabii mtoto wa chini ya miaka 10 kosa la jinai, na kitisho usichoweza kukitimiza kinakuondolea heshima.

Katika kikao chetu mama wa mmoja wa wale wavulana alilia. Kumbe mwanawe naye alikuwa akipigwa na kaka zake, na hela alizokuwa akinyang'anya alikuwa akinyang'anywa mtaani. Sisemi hivyo kumpunguzia, mwanangu aliumia na alistahili kuombwa radhi, na aliombwa. Nasema kwa sababu yule mama alipoondoka alijua pa kuanzia.

Na kama wewe ndiye unayeitwa, kwamba mwanao ndiye anayeonea wenzake, kaa usikilize hadi mwisho. Usikatae palepale, na usimchape mbele ya wageni ili uonekane mzazi mkali. Mwulize baadaye, kwa utulivu, maswali yaleyale ya mahali na watu. Mfanye arudishe alichochukua kwa mkono wake mwenyewe. Tazama nani anampiga yeye. Mpe kazi ya kumwangalia mdogo, huku wewe upo, na umsifu akiifanya vizuri.

Mambo yasiyosubiri wiki

Mtoto akiguswa sehemu za siri, akilazimishwa tendo lolote la kingono, akijeruhiwa kwa kitu chenye ncha, au akitishiwa kuuawa, acha daftari. Nenda hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyohiyo. Usimwogeshe wala kufua nguo zake kwanza. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Mtoto akisema anatamani kufa, au akianza kujikata, usimwache peke yake, na mpeleke kwa mganga hospitalini. Namba ya simu kwa mtoto ni 116, inapigwa bure nchi nzima, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfundishe aikariri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa serikali ya mtaa, kwa hiyo jirani akitoa taarifa kuhusu mwanao, mshukuru.

Kwa wa sekondari uonevu unahamia kwenye simu. Picha inasambazwa kwenye kundi la WhatsApp usiku, asubuhi darasa zima linacheka. Usimnyang'anye mtoto simu kama adhabu, atakuficha siku nyingine. Piga picha ya skrini yenye majina na saa, hifadhi, kisha mpelekee mkuu wa shule. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa unyanyasaji wa namna hiyo. Wa bweni mtembelee siku ya wazazi, kaa naye mbali kidogo na wenzake, umwulize usiku taa zikizimwa nani anaingia bwenini kwao.

Ikiisha, usiache kutazama

Kwa mwanangu ilichukua sehemu kubwa ya muhula kutulia, na ilirudi kidogo kabla ya kwisha. Tegemea hivyo, usikate tamaa wiki ya pili. Endelea kuuliza swali la "leo umekaa wapi" hata mambo yakiwa mazuri, mara moja moja, bila kumchunguza kama mshitakiwa. Kuhama shule kuache kuwe njia ya mwisho, baada ya mwalimu, mwalimu mkuu na kata, maana mtoto anahama na woga wake. Mkihama, mweleze mwalimu mpya kabla ya siku ya kwanza.

Mkibaki, kumbuka Januari. Shule zikifunguliwa madarasa yanabadilika, mikondo inachanganywa, viranja wapya wanachaguliwa, na mwalimu wa darasa aliyekuwa anajua habari yote huenda amepewa darasa jingine au amehamishwa wilaya. Wiki ya kwanza kamwone mwalimu mpya, msomee kurasa mbili tatu za daftari lako, mwoneshe mahali na saa, na umwachie namba yako ya simu.